Msitu Usipangwe Mezani, Wenyewe Wakiwa Nje



Twajua ya kuwa wengi wenu mkiifungua karatasi hii hutafuta kwanza habari za bei na za majamvi, na habari za misitu mkaziacha mpaka baadaye, au mkaziacha kabisa. Safari hii twawaomba msiziruke. Tunalotaka kulisema lahusu mashamba yenu kama linavyohusu msitu, na asiyelisikiliza leo aweza kulilipia kesho.

Kila baada ya muda huja mpango. Msitu ulio juu ya mto au nyuma ya kijiji hutakiwa upimwe, utiwe mipaka, uandikwe nini kinaruhusiwa na nini kinakatazwa, nani apewe ruhusa na nani anyimwe. Kazi hiyo ni njema na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni juu ya saa anayoitwa mwenyeji. Mara nyingi huitwa wakati karatasi imekwisha pigwa chapa na ramani imekwisha tiwa rangi, na lililobaki ni watu watie saini ya mahudhurio na wanywe soda.

Twakumbuka mkutano mmoja. Hatutaitaja shehia wala ofisi iliyouitisha, maana shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Palitundikwa ramani kubwa katika ukuta wa skuli, na katika ramani ile mteremko mzima wenye mikarafuu ya wanachama wetu, mingine ya tangu babu zao, ulipakwa kijani na kuandikwa msitu wa asili. Kwa anayetazama kutoka angani, mkarafuu mkongwe uliofungamana na mwembe na mfenesi hauna tofauti na msitu. Kwa aliye chini yake anapalilia, tofauti ipo. Bibi mmoja aliyekaa nyuma, mikono yake ingali yanukia karafuu, akauliza: "Na chemchemi yetu mmeiweka wapi, wanangu?" Wakatazamana. Chemchemi haikuwamo katika ramani. Kijana aliyeongoza mkutano, mwenye adabu zake, akasema maoni ya bibi yameandikwa. Miezi minne baadaye mpango ukaja, kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya sitini, chemchemi haimo na mikarafuu ingali ni msitu wa asili. Ikawabidi wazee wafunge safari tatu kwenda mjini na kurudi, kwa nauli zao wenyewe, ndipo mtu akatumwa kuja kuutembea mpaka kwa miguu. Alipoutembea alistaajabu, akaurekebisha siku ile ile. Sasa twauliza: kutembea huko hakukuweza kutangulia?

Kabla hatujaendelea yatupasa tuseme kweli juu yetu wenyewe. Mkarafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na kila uliposimama palikuwa na kitu kingine kabla yake. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba, penye udongo mzito na mvua, misitu ilifyekwa kwa jasho la watumwa ili mashamba yapandwe. Tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika, na tangu hapo upandaji wa Pemba ukazidi na msitu ukazidi kurudi nyuma. Anayetaka kuiona Pemba ile ya zamani na aende Ngezi, kaskazini magharibi, akaitazame mivule, na mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao kwa asili haumei popote duniani ila Pemba.

Unguja nako wenyeji wengi walijikuta wakisukumwa kuelekea mashariki na kusini, kwenye maweni, penye mawe mengi na udongo haba. Basi tazameni jambo hili. Misitu ile ya maweni, ambayo leo yatakiwa kuhifadhiwa, iko mlangoni mwa watu wale wale ambao wazee wao waliipisha karafuu. Wakiambiwa leo waipishe na hifadhi, bila ya kuulizwa, watakuwa wamesogezwa mara mbili. Na sisi watu wa karafuu tutakuwa wa mwisho wenye haki ya kuwashangaa wakikasirika.

Wala si kweli kwamba watu hao hawakuwa na mpango. Katika vijiji vya Wahadimu palikuwa na watu wanne, wazee walioangalia mambo ya mji, na palikuwa na mvyale, mlinzi wa mzimu na wa ardhi, ambaye mtu hakufungua msitu mpya bila ya kumwendea. Kiambo kilikuwa na taratibu zake, na uwanda zake, na msitu zake; mgeni aliyetaka kulima aliomba. John Middleton, mtaalamu kutoka Uingereza, aliyachunguza hayo mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya umilikaji wa ardhi Zanzibar kikatoka mwaka 1961. Jirani zetu Wamijikenda, katika pwani ya Kenya, wanayo misitu yao ya makaya iliyolindwa na wazee kwa taratibu za namna hiyo, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wako wanachama wetu wasiotaka hata kulisikia neno mzimu, nasi hatuwalaumu, kila mtu na itikadi yake. Lakini mizimu kando, palikuwa na mtu wa kuulizwa na jina lake lilijulikana. Katika mipango ya siku hizi mtu wa kuulizwa huitwa "jamii", na jamii haina mlango ukaubishia hodi.

Sheria yetu si adui katika jambo hili. Misitu si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, inayoruhusu wanakijiji wafanye mkataba na Serikali na kuusimamia msitu wao kwa mpango uliokubaliwa na pande zote mbili. Chini ya mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, mikataba hiyo ilienezwa katika shehia nyingi za Unguja na Pemba. Kamati zilichaguliwa, wanawake wakaingia ndani yake, mipaka ikawekwa, taratibu zikaandikwa. Hayo ni ya kusifiwa, na wamo kati yenu waliokaa katika kamati hizo.

Lakini mradi ule ulikuja pia na matumaini ya fedha. Watu walielezwa kwamba hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yaweza kupata wanunuzi nchi za nje, na kijiji kikalipwa kwa kutokata. Soko lile halikuleta kilichotarajiwa, na mradi ukafika mwisho wake. Hatusemi watu walidanganywa. Twasema kwamba mwanakijiji aliyeacha kukata kuni kwa kutazamia malipo, malipo yasipokuja, hujiona amefanywa mjinga, na mwaka wa pili hatakaa katika kamati. Mpango wa msitu na usimame juu ya faida ambayo mtu aweza kuigusa pale pale alipo: maji, kuni za kiasi, majengo, asali, dawa, kivuli. Fedha za mbali zikija ziwe nyongeza.

Tena liko jambo la jirani. Shehia moja hufunga msitu wake kwa moyo safi, na mkataji akahamia shehia ya pili. Au gari hutoka mjini usiku likachukua kile ambacho wenyeji wamekatazwa kukigusa mchana. Makaa na kuni za maweni hupikia vyungu vya mjini na huchoma chokaa cha nyumba za mjini. Watu wa mjini nao basi ni wenye msitu, wapende wasipende, kwa kuwa wanautumia kila siku. Mpango unaowaita wanakijiji peke yao, ukamwacha mchuuzi wa makaa na mwenye tanuri la chokaa, umemfungia mwizi ndani ukamwambia mwenye nyumba alinde mlango.

Katika Jozani yako mafunzo mengi, matamu na machungu. Tangu mwaka 1995 palikuwa na mradi wa Idara ya Misitu pamoja na shirika la CARE wa kuvishirikisha vijiji vinavyouzunguka msitu ule na Ghuba ya Chwaka. Mwaka 2004 pakatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya pekee katika Zanzibar, yenye kiasi cha kilomita 50 za mraba. Wageni huja kumtazama kima punju, ambaye kwa asili ni wa Unguja na vijisiwa vya karibu yake tu, na sehemu ya fedha za kiingilio hurudi vijijini kwa kazi za maendeleo. Hesabu iliyofanywa na wataalamu na kutolewa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko walivyodhaniwa.

Kima hao hawajui mpaka. Hutoka msituni wakaingia mashambani, wakala majani ya miti ya watu na vidaka vya minazi. Wakulima walilalamika miaka mingi, wakaunda umoja wao, wakadai fidia, na mwisho fungu la fedha za wageni likapatikana kwa ajili yao. Hapo twasema wakulima walifanya sawa: hawakuwinda, walikaa barazani wakadai mpaka wakasikilizwa. Lakini hadithi haikwishia hapo, na sehemu iliyobaki hatuipendi sana ila lazima tuiseme. Wataalamu wawili walihesabu nazi katika mashamba yale, wakatoa matokeo yao mwaka 1999. Walikuta kwamba minazi iliyoliwa zaidi na kima haikuzaa kidogo zaidi. Kinyume chake, mavuno yake ya mwisho yalikuwa mazuri, kana kwamba kule kupunguzwa vidaka kuliifaa. Basi mkulima naye, aliye shambani kila siku, aweza kuona kitu kwa macho yake na akakikosea hesabu. Twalitaja hili kwa kuwa tusingependa mtu adhani Jumuiya hii yasema mkulima hakosei. Twasema aitwe mezani pamoja na mwenye hesabu, kila mmoja amsahihishe mwenziwe. Na hasara ya majani ya mikunde na mboga ilikuwa kweli, hiyo hakuna aliyeikanusha.

Kwetu Pemba tunayo mifano yetu. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana kwingine, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti anayolala. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, Kidike mmojawapo, na wageni wakalipa kiingilio cha kumtazama. Leo wamo kwa maelfu. Hakuna askari aliyeyafanya hayo. Waliofanya ni wale wale waliokuwa wakimla.

Misali ni habari nyingine. Kila mtoto wa Pemba amesimuliwa kwamba Nabii Khidhri alipokosa msala alisema kisiwa kile kitakuwa msala wake. Wavuvi wengi hutegemea maji ya Misali, na msitu wa kisiwa kile ni kivuli chao cha dago. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palitokea mpango wa kukitoa kisiwa kwa mwekezaji wa utalii. Wavuvi wakapinga, mpango ule ukaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi linalowashirikisha wavuvi wenyewe. Baadaye masheikh nao wakaingizwa katika kazi ya kufundisha hifadhi kwa misingi ya dini, kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi na atakuja kuulizwa. Twadhani fundisho lile lilifika mahali ambapo barua ya ofisi haifiki. Lakini angalieni mpangilio: kwanza wavuvi walipinga. Lau wangenyamaza siku ile, yaliyofuata yasingekuwapo.

Tutoke kidogo nje ya visiwa. Bara, karibu na Babati, viko vilima vya Duru-Haitemba vyenye msitu wa miombo wa kiasi cha hekta 9,000, na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu ule kuwa hifadhi yake. Wapimaji wakapita. Wanakijiji walipoona msitu unaondoka mikononi mwao, wakafanya kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itavunjwa kesho, kila mmoja akawahi bati lake. Ukataji ukazidi badala ya kupungua. Mwaka 1994, baada ya mabishano mengi, Serikali ikaliacha lile kusudio na kuviachia vijiji vijaribu wenyewe. Kila kijiji kikakaa, kikapanga nani akate nini na wapi, kikachagua walinzi wake, kikaweka faini zake. Msitu ukaanza kupona, na sheria ya misitu ya Tanzania Bara ya mwaka 2002 ikavifungulia vijiji vingine njia hiyo. Wale walinzi hawakuwa na mshahara wa Serikali. Walikuwa na sababu.

Na wapo ambao hawakuachiwa kujaribu. Waogiek wa Kenya, watu wa kurina asali na kuwinda, wameishi katika msitu wa Mau tangu zama ambazo hakuna aliyeziandika. Mwezi Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame, kwa hoja ya kuuhifadhi msitu. Kesi yao ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo tarehe 26 Mei 2017 ikahukumu kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba kuharibika kwa Mau hakukuletwa na wao bali na walowezi wengine na ardhi iliyokatwa na kugawiwa na Serikali yenyewe. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 157 na laki nane unusu, wapewe hati ya ardhi yao, na washauriwe katika kila jambo linaloihusu. Pamoja na hayo, mwezi Novemba 2023 watu wakatolewa tena katika nyumba zao ndani ya Mau. Tumelieleza hili kwa urefu ili ionekane kwamba hukumu nzuri huja imechelewa, na hata ikija haizuii tingatinga kwa nguvu zake yenyewe. Bora kukaa barazani kabla.

Mfano wa mwisho umetoka mbali sana, ila ni wa watu wa visiwa kama sisi. Magharibi ya Kanada viko visiwa vya Haida Gwaii, na wenyeji wake ni Wahaida. Makampuni yalikuwa yakikata misitu yao mikubwa kwa vibali vya serikali. Mwaka 1985 Wahaida, wazee wakiwa mbele, waliifunga barabara ya wakataji katika kisiwa cha Lyell, na watu 72 wakakamatwa. Mwaka 1993 wakatiliana saini na serikali ya Kanada mapatano ya kuisimamia pamoja sehemu ya kusini ya visiwa, Gwaii Haanas, kwa bodi yenye wajumbe sawa kwa sawa. Lililotupendeza sisi ni namna karatasi ile ilivyoandikwa. Juu ya mwenye ardhi ni nani, hawakukubaliana. Basi wakaandika pande mbili, ubavu kwa ubavu: huku Wahaida wakisema ardhi ni yao, huku Kanada ikisema ni yake, kisha chini yake wakaandika, pamoja na hayo, jinsi watakavyoutunza msitu. Miaka 31 baadaye, Aprili 2024, serikali ya jimbo la British Columbia ikakiri kwa maandishi kwamba wenye visiwa vile ni Wahaida. Ni mara ngapi mikutano yetu imevunjika kwa sababu kila upande ulitaka mwenziwe akiri kwanza, na chemchemi ikikauka kwa kungojea?

Sasa turudi nyumbani, na kwanza kwa wenzetu wasemao: tusiende. Tumewasikia, wengine ni watu wa heshima. Wanasema kwamba saini ya mahudhurio hugeuzwa kuwa saini ya ridhaa, na kwamba asiyehudhuria walau hakutumiwa jina lake. Hoja hii ina uzito na tusingeicheka. Lakini asiyehudhuria hupangiwa vilevile, na siku ya kulalamika ataambiwa mlikuwa wapi. Nendeni. Palipo na karatasi ya mahudhurio, isomeni kichwa chake kabla ya kutia saini. Ikiwa kimesema jambo lisilo mahudhurio, andikeni pembeni mwa jina kwamba mmehudhuria tu. Ulizeni kama kutakuwa na mkutano wa pili baada ya watu kurudi majumbani na kushauriana. Jambo la msitu haliamuliwi na mtu aliyelisikia asubuhi akatakiwa jawabu adhuhuri. Na mpango uandikwe kwa Kiswahili. Kwa hili hatuoni hoja ya kinyume hata moja.

Mikutano nayo isiwekwe saa za wanaume tu. Mwenye kwenda kuni ni mwanamke, mwenye kuijua chemchemi ni mwanamke, na mkutano ukiitwa saa ambayo yuko jikoni au yuko kwenye jamvi akichambua, aliyekuja badala yake atakuwa anahadithia tu. Waulizeni wake zenu, mabwana, ni lini mara ya mwisho mlibeba mzigo wa kuni.

Kuna na jambo moja ambalo ni letu khasa, na hatujaona mpango uliolitaja. Wakati wa mavuno mashamba yetu hujaa kambi za wachumaji. Watu hawa hupika, hujenga vibanda, huhitaji kuni na fito, na huvipata katika msitu ulio karibu. Mavuno ya karafuu hayaji sawa kila mwaka. Mwaka mmoja miti hujaa, mwaka unaofuata hupumzika. Mpango unaoweka kiasi kimoja cha kuni kwa kila mwaka utaonekana umefaulu mwaka wa uhaba, na utavunjwa mwaka wa neema, kisha tutaitwa wavunja sheria. Hili mtu wa ofisini hawezi kulijua asipoambiwa, wala si kosa lake. Kosa litakuwa letu tusipomwambia. Nasi tusimame na ahadi ya upande wetu: kila tawi lipande miti ya kuni katika kingo za mashamba, mikesha na mivinje, ili kambi zipungukiwe na haja ya kuingia msituni.

Na moto. Twasikia haya kusema, ila mara nyingi moto unaoingia msituni hutoka shambani, kwa mtu aliyechoma majani kabla ya kusafisha kingo. Yule yule atakayesimama mkutanoni kudai haki yake aweza kuwa ndiye aliyeteketeza ekari ya jirani. Kadhalika wale wanaoikata mikarafuu mizee wakaichoma makaa bila ya kibali: wanajua kuwa sheria yakataza, na wanajua kuwa tunawajua. Hatuwezi kumwambia bwana misitu atuamini na msitu ikiwa tumeshindwa kuaminiana na mikarafuu yetu wenyewe.

Kwa hayo, Halmashauri yawaomba makatibu wa matawi yaliyo jirani na misitu waanze kazi kabla mpango mwingine haujaja. Wenye hati za zamani za mashamba, au karatasi yoyote yenye mpaka, wazilete tawini zinakiliwe, kisha warudishiwe zao siku ile ile. Chemchemi, makaburi, njia za kupitia maji na mahali pa kukata makuti na fito ziandikwe kwa majina yake ya pale pale. Wazee wasioweza tena kutembea wafuatwe majumbani. Mchukueni kijana mwenye mwandiko mzuri, akae nao, asiwaharakishe. Madaftari yapatikana kwa mweka hazina, mawili kwa kila tawi.